Mtoto mwenye lupasi ya figo: kinachoamua kama atasoma au ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Uzi kutoka Tandahimba

Mama Somoe (Tandahimba)

Wanajamvi salaam. Mimi humu ni msomaji tu, siandikagi. Leo naandika kwa sababu Jumamosi nimetoka kuzika, kijiji cha tatu kutoka kwetu, mtoto wa kike wa miaka 13. Ugonjwa uliomchukua ndio alionao binti yangu: lupasi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, iliyoingia kwenye figo. Binti yangu yuko kidato cha nne, juzi usiku alikuwa anabishana na kaka yake juu ya hesabu za logi. Nilikaa pale msibani natazama mkeka, nimeshindwa kumwangalia usoni mama mwenzangu.

Watu watasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi naamini hivyo. Ila yule mtoto alifikishwa hospitali mkojo umeshakata. Wa kwangu alifika bado anakojoa, ingawa mkojo ulikuwa na povu kama maji ya kufulia. Hiyo nafasi ya katikati ndiyo nataka kuieleza, maana hapo ndipo wanapopotea watoto wetu huku kusini.

Ilianza 2019, msimu wa korosho, binti ana miaka 11, darasa la tano. Anaokota na wenzake mchana, jioni analia vidole na magoti. Tukasema uchovu. Ikaja homa ya kwenda na kurudi. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, tukapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Mtu mmoja akatuambia tukapime selimundu, haikuwepo. Nywele za mbele zikaanza kunyonyoka. Vidonda mdomoni. Kisha ukatokea weusi mashavuni, umepita juu ya pua kutoka shavu moja hadi la pili. Baadaye niliambiwa kwamba kwa Wazungu huo huwa wekundu. Kwa mtoto wa Kimakonde wekundu utauona wapi? Ni weusi wenye zambarau kwa mbali. Mwalimu mmoja akaniita akaniuliza kwa nini nampaka mtoto mkorogo. Nilirudi nyumbani nalia, nikamchapa binti nikidhani kapata krimu kwa wenzake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi anaamka macho yamevimba, mchana yanashuka. Tulikokwenda kwanza wakasema minyoo. Tukanywa za minyoo. Kwa ajili ya viungo nikawa nanunua diklofenaki duka la dawa, wiki tatu mfululizo, sikujua kwamba dawa hizo nazo zinaumiza figo. Wiki ya tano miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

Halafu usiku mmoja degedege. Mtoto wa miaka 11, degedege! Mama mkwe akasema hili ni jini, aitwe fundi. Fundi akaitwa, na simlaumu mtu, sote tulikuwa tunamtafuta mtoto. Alfajiri ilipokuja ya pili shemeji yangu akawasha pikipiki. Hospitali kitu cha kwanza walichofanya ni kumfunga mpira wa presha mkononi: 170 kwa 110. Kumbe presha ndiyo iliyokuwa inamtikisa. Muuguzi akachovya kijiti kwenye mkojo, rangi ikageuka palepale. Protini alama tatu, na damu.

Kipimo cha dakika mbili. Wiki zote zile hakuna aliyekifanya, na mimi sikujua kukiomba.

Mwera wa Mtama (Lindi)

Pole sana dada yangu, na poleni wafiwa. Nimesoma mara mbili. Naomba kuuliza, mtoto wa dada yangu ana miaka 9, ni wiki ya pili sasa macho yanavimba asubuhi, na analalamika magoti. Wanampa dawa ya minyoo. Ndiyo hii?

Tabibu wa Mingoyo

Mwera, kaka, inawezekana isiwe. Uvimbe wa macho asubuhi kwa mtoto una mlango zaidi ya mmoja. Kuna figo zinazovuja protini bila lupasi, hiyo huwapata zaidi wadogo. Kuna figo zinazovimba wiki moja hadi sita baada ya vidonda vya koo au huu upele wa ngozi tunaoupuuza, na hiyo wengi hupona kabisa. Lakini uvimbe pamoja na viungo, kwa umri wa miaka 9, mimi nisingesubiri. Kesho apimwe mkojo kwa kijiti, na presha kwa mpira wa saizi ya mtoto. Sisitiza hapo, maana mpira wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba unasoma chini kuliko presha ilivyo, anarudishwa nyumbani na presha yake.

Mama Somoe, niruhusu niongeze ya kitaalamu, wengi watasoma hapa.

Lupasi ni kinga ya mwili iliyokosea kumtambua adui. Inatengeneza silaha dhidi ya chembe za mwili wenyewe, silaha hizo zinanasa kwenye vichujio vya figo na kuwasha moto humo. Ndiyo maana daktari anaomba vipimo vya C3 na C4: ni sehemu ya kinga inayotumika kwenye moto huo, zikiwa chini ujue kuna kinachoungua. Haiambukizi. Wasichana huipata kuliko wavulana, lakini wavulana nao wapo. Kwa watoto ni kali kuliko kwa watu wazima. Kati ya nusu na robo tatu yao figo huguswa, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza tangu ugonjwa ujulikane.

Wakichukua kinyama cha figo wanakipanga kwenye madaraja 6. La 1 na la 2 ni moshi. La 3, moto umeshika chini ya nusu ya vichujio. La 4, nusu au zaidi, na hili ndilo tunalolikuta zaidi kwa watoto. La 5 kuta za vichujio zimenenepa na zinavuja protini. La 6 ni majivu, zaidi ya asilimia 90 ya vichujio vimekuwa makovu, na hapo dawa za kuzima moto hazina cha kuzima. Wazazi wengi wanaogopa kuchukuliwa kinyama. Nawaelewa, ila bila hicho daktari anakisia, na dawa zenyewe ni nzito mno kuzitoa kwa kukisia.

Sasa matokeo, ambayo ndiyo mada. Miaka ya 1950 zaidi ya nusu ya wagonjwa wa lupasi walikuwa hawafiki miaka 5. Leo penye dawa na ufuatiliaji, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wanaivuka hiyo miaka 5. Wanaoishia figo kufa kabisa ni kama 1 au 2 kati ya 10 ndani ya miaka 10. Anayefika na kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo nzima huitoa) iko juu, presha iko juu, au ambaye protini haishuki baada ya matibabu, huyo yuko kwenye hatari zaidi. Huku kwetu hesabu ni nzito kuliko hizo. Sababu naziona kwa macho: wanachelewa, na dawa zinakatika.

Kilwa Kivinje

Tabibu ahsante. Hiyo ya kukatika dawa nasubiri Mama Somoe aieleze. Nimekaa.

Mama Somoe

Naeleza, kaka.

Tulipewa rufaa Dar. Kinyama kikasoma daraja la 4. Kreatinini 180, ambapo kwa mtoto wa umri ule wanataka isizidi kama 70. Siku tatu za dripu ya dawa kali ya jamii ya prednisoloni, kisha vidonge vyake, kisha sindano ya siklofosfamaidi kila mwezi, miezi 6, zote za kuilaza kinga. Kabla ya hiyo sindano ulizeni kuhusu uzazi wa mtoto siku za baadaye, maana ikizidi dozi inaweza kugusa mayai. Mimi niliambiwa na daktari mwenyewe bila kuuliza, namshukuru. Baadaye akahamia mikofenoleti, dawa ya kazi hiyohiyo. Juu yake enalaprili ya presha na kupunguza uvujaji, na haidroksiklorokwini.

Hii ya mwisho ilileta kikao nyumbani. Bibi yake aliposikia jina akasema: klorokwini si serikali iliiondoa? Ni kweli, 2001 iliondolewa kwenye matibabu ya malaria kwa kuwa vimelea vilishaizoea, na wazee wote wanakumbuka ilivyokuwa inawasha mwili. Ikabidi nimweleze kwamba huyu ni ndugu yake, na hapa kazi yake si malaria, ni kuituliza kinga. Wanaipima kwa kilo za mtoto, na macho yanakaguliwa kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kuharibu nyuma ya jicho. Bibi alikubali siku aliyoona nywele za mjukuu zinarudi.

Nilikuwa naandika kwenye daftari protini inayovuja kwenye mkojo, gramu kwa siku. Mwanzo 6.2. Mwezi wa tatu 3.8. Wa sita 1.9. Wa kumi na mbili 0.4. Nilipomwonyesha daktari hiyo 0.4 alinyamaza kidogo, akaniambia mama, hii namba ndiyo niliyokuwa naisubiri mwaka mzima.

Tukajisahau. Sisi pesa yetu ni korosho. Mnada ukilipa Novemba, Desemba, kuna dawa, kuna sare, kuna bati. Ikifika Aprili mfuko umelala. Mwaka 2022 binti kaanza kidato cha kwanza, ana afya, anakimbia, mashavu yamerudi saizi yake. Baba yake akasema tupumzishe hizi za gharama kidogo, tutaendelea kwenye msimu. Nilikubali. Nasema nilikubali, sikulazimishwa. Miezi miwili. Povu likarudi. Kreatinini 110. Wakauzima tena moto, lakini safari hii haikurudi kule ilikokuwa, imegota kwenye 78 na hapo ndipo tunapoishi. Sehemu ya figo za mwanangu iliondoka kwa ile miezi miwili.

Tangu hapo mnada ukilipa, dawa za miezi 6 zinanunuliwa kabla ya bati. Na kopo moja la mwezi mzima haliguswi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar, mzigo wetu ulikwama njiani, ukaja kuzungushwa kupitia Songea na Masasi. Kopo lile ndilo lililotuvusha.

Mzee wa Ndanda

Poleni wanangu. Mimi ni mtu mzima, nimeona wengi. Kuna mizizi huku inatoa maji mwilini kabisa, mtu anakojoa uvimbe wote unaisha. Kwa nini msijaribu kabla ya hizo sindano zinazoua mayai ya mtoto?

Tabibu wa Mingoyo

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa, na najua unasema kwa huruma. Shida iko hapa: uvimbe ukiisha, moto haujaisha. Maji yanaweza kutoka, mtoto akapendeza, huku ndani vichujio vinaendelea kuungua, na familia inapumzika kwa sababu inaona uso umepungua. Tena figo mbovu inashindwa kutoa vitu vingi vilivyomo kwenye mizizi, vinalundikana. Ninachoomba kwa mzazi ambaye tayari amempa mtoto, atuambie. Hatutamgombeza. Tukijua tunaweza kusaidia, tukifichwa tunahangaika gizani.

Mzee wa Ndanda

Marahaba. Nimeelewa, la uso kupungua sikulijua.

Binti wa Shangani (Mtwara)

Samahanini wakubwa zangu, nami niseme maana naona wazazi wanaongea na sisi wenyewe hatupo.

Nina miaka 20. Niliugua nikiwa na 13. Prednisoloni inanenepesha mashavu, inaota chunusi, inaleta michirizi mapajani na tumboni. Niliingia bweni nikiwa na uso ambao si wangu. Wasichana walikuwa wananiuliza mimba ya nani. Kidato cha pili nikawa navichukua vidonge mbele ya matroni, naviweka chini ya ulimi, naenda kuvitema chooni. Mama yangu alikuwa anapiga simu: umekunywa? Nimekunywa.

Siku ya tano nikaanguka paredi. Kutapika, presha chini, baridi. Hakuna aliyenieleza kabla kwamba prednisoloni ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza ya kwake, kwa hiyo ukiikata ghafla unaweza kufa kabla hata figo hazijasema kitu. Nilidhani nadanganya watu tu.

Mnisaidie kuwaambia wazazi: msiulize umekunywa. Ulizeni vidonge vinakufanya ujisikieje. Nyonga yangu ya kushoto mfupa umekufa kidogo kwa ajili ya dozi za mwanzo, natembea nikichechemea siku za baridi, na kimo changu kiliishia nilipokuwa na miaka 14. Ningeambiwa ukweli mapema kwamba dozi itakuwa inapunguzwa na mashavu yatarudi, ningevumilia. Yamerudi. Nasoma ualimu.

Jingine, jua. Jua letu hili la pwani linachochea ugonjwa. Shuleni andikieni barua mtoto asisimame paredi wala kazi za nje saa sita mchana, avae mikono mirefu na kofia. Na kwa wasichana wakubwa, mikofenoleti inaharibu mimba changa. Naomba lisemwe waziwazi, hata kama ni binti wa miaka 16 na mama anaona aibu.

Mama Somoe

Mwanangu, nimesoma huku nalia. Leo jioni nitamuuliza binti yangu hilo swali lako.

Baba Hamisi (Nachingwea)

Tabibu kasema wavulana nao wapo. Wangu ndiye.

Alianza na miaka 14. Sisi tulichelewa miezi 7, tukizunguka na viungo tu, kila mtu anasema ni ukuaji. Kinyama kikasoma daraja la 4 na makovu mengi. Dawa zilipewa, zilifanya zilichoweza. Sasa ana 19, yuko kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Tumepanga chumba Dar, mama yake yuko naye, mimi niko huku na shamba. Shamba la ufuta nimeuza nusu.

Nataka kuwaambia kitu kimoja kuhusu mashine, maana watu wanadhani ukifika pale umekufa. Hajafa. Anachora, anafuatilia ligi, ana mchumba ambaye anadhani sisi hatujui. Lupasi yenyewe imetulia tangu aanze mashine, viungo haviumi tena. Lakini maji anapimiwa kwa kikombe, ndizi na machungwa anahesabiwa, na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi ambaye kwetu ndiye mboga, chumvi yake hairuhusiwi kabisa. Tabibu, je, kupandikizwa kwa mwenye lupasi kunawezekana? Mimi niko tayari kutoa yangu.

Tabibu wa Mingoyo

Kunawezekana, Baba Hamisi. Lupasi mara nyingi hutulia figo zikishakufa, kama ulivyoona, na ikishakaa kimya kwa muda madaktari wanaanza kufikiria upandikizaji. Inaweza kurudi kwenye figo mpya, lakini kurudi kwa kiasi cha kuiua si kwa kawaida, na dawa za kulinda figo mpya zinafanana sana na zile za lupasi. Hapa nchini Muhimbili walianza kupandikiza 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma nao wanafanya. Mchangiaji anapaswa awe na figo zake nzima, asiwe na presha wala kisukari. Anza kwa kupima kundi la damu na presha yako mwenyewe.

Nirudi kidogo kwenye ile 0.4 ya Mama Somoe. Wanaofuatilia wagonjwa hawa kwa miaka wameona kwamba protini ya mwezi wa 12 ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko vingi figo zitakuwaje baada ya miaka 7 au 10. Tunataka ianze kushuka mwezi wa tatu, wa sita iwe imefika nusu, wa 12 iwe kama 0.5 hadi 0.7 au chini. Isiposhuka, ulizeni: dawa anazimeza? dozi inatosha? tubadilishe? Usikubali kuambiwa "endelea tu" mwaka mzima bila namba. Na baada ya kutulia, dawa za kuzuia zinaendelea angalau miaka 3 hadi 5, kwa kupunguzwa na daktari. Haidroksiklorokwini ndiyo inayobaki.

Pia maambukizi. Watoto hawa wakifa mapema, mara nyingi ni figo au ni maambukizi, kwa sababu kinga tumeilaza wenyewe. Homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Tetekuwanga ikiingia nyumbani au darasani, toeni taarifa siku hiyohiyo, hata kama yeye bado hajaugua. Chanjo muulize daktari kwanza, zile zenye vimelea hai hazimfai akiwa kwenye dozi kubwa.

Kilwa Kivinje

Baba Hamisi, Mungu akutie nguvu. Huo ufuta utalimwa tena.

Mwera wa Mtama (Lindi)

Wakuu, mrejesho. Dada alikuwa hataki, anasema mtoto anaonekana mzima mchana. Nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akasoma pale kwenye degedege akanyamaza, akachukua kanga.

Kijiti kimesoma protini alama tatu na damu alama mbili. Presha 140 kwa 95, mpira wa mtoto ulipatikana baada ya kutafutwa. Hakuna upele wala koo miezi ya karibuni. Wametupa rufaa na dawa ya presha ameanza leo. Wamesema bado hawajui ni lupasi au ni ile nyingine, mpaka vipimo vya damu. Gari tunapanda saa kumi na moja alfajiri.

Tabibu wa Mingoyo

Umefanya vizuri sana kaka. Wiki mbili ni mapema. Asipewe dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya diklofenaki wala ibuprofeni njiani, magoti yakiuma apewe paracetamol.

Mama Somoe

Mwera, sikiliza. Chukua daftari jipya, ukurasa wa kwanza andika hizo namba na tarehe. Kijiti kama kipo kipige picha. Mkojo wa kesho akiamka ukingwe kwenye chupa safi hata kama ni ndani ya gari, na uandike saa. Vidonge vyote alivyomeza tangu aanze kuumwa, vya minyoo, vya mizizi, vya dukani, weka kwenye mfuko mmoja uende navyo. Mkalishe upande usio na jua. Dada yako mwambie abebe kanga mbili na hela ya chakula ya siku kumi, si tatu.

Simu yako iwe na chaji. Mkifika niandikie, hata ikiwa usiku.